Bondi ya Polisi ni Bure, na Mengine Sita Tuliyodanganywa



Ndugu yangu, dada yangu, kaa kidogo tuzungumze.

Juzi baada ya swala ya Isha tulikuwa tumekaa vijana kama wanane pale Cheptiret, karibu na steji, pale wanafunzi wanaposhuka kwenye matatu za Eldoret na Nakuru kushika boda za kuingia Kesses. Simu ya mmoja wetu ikalia. Ni mama yake mdogo. Binamu yake amekamatwa Ijumaa jioni akitoka kazini, yuko seli katika mji mwingine, na "kuna mtu" amesema elfu sita ya bondi ikipatikana usiku huo, kijana atalala nyumbani.

Kilichofuata unakijua, maana hata wewe umewahi kukifanya. Ujumbe ukaenda kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja akatuma mia mbili, mwingine mia tano, mwingine akagusa pesa ya kodi ya chumba. Kufikia saa nne usiku elfu sita ilikuwa imetimia, ikatumwa kwa M-Pesa kwa namba ya mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua. Saa tano kijana akatoka. Tukasema alhamdulillah, tukaenda kulala tukijiona tumefanya jambo kubwa.

Hakuna aliyeuliza swali moja tu: hiyo elfu sita ilikuwa ya nini? Risiti haikuwepo. Kijana hakupewa karatasi yoyote, hakuambiwa alikuwa na kosa gani, hakuambiwa arudi lini. Tulikuwa wanane, wengine wetu wako chuo kikuu, na sote tuliamini kwamba bondi ya polisi inalipiwa. Si kweli. Bondi ya polisi hailipiwi hata shilingi moja.

Sisi ni umma ulioagizwa katika Surat Al-Hujurat kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Habari za mwezi kuandama tunazihakikisha, tunabishana mpaka usiku wa manane. Lakini habari zinazohusu uhuru wa miili yetu tunazichukua kwa mtu wa steji, kwa rafiki wa rafiki, kwa yule aliyewahi kukamatwa mara moja akatoka. Leo tuzihakikishe. Haya ni mambo saba ambayo wengi wetu tunayaamini, na ukweli wa kila moja.

1. "Bondi ya polisi inalipiwa."

Hapana. Bondi ni ahadi. Unatia sahihi karatasi kwamba utafika kituoni au mahakamani siku fulani, saa fulani, basi. Wakati mwingine mtu wa kukudhamini anatia sahihi pamoja nawe. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inasema wazi kwamba hakuna ada inayotozwa kwa bondi inayotolewa na polisi katika kesi za jinai.

Kipo kitu kingine, dhamana ya pesa taslimu, na hapa ndipo tunapochanganyikiwa. Hii ni pesa unayoiweka kama amana ili uachiliwe. Lakini amana ina risiti rasmi, ina jina lako, na ni yako, haijawa ya mtu. Kwa hiyo ukiambiwa utoe pesa, uliza maswali mawili kwa adabu kabisa: "Afande, hii ni bondi au ni dhamana ya pesa taslimu? Na risiti naipata wapi?" Kama hakuna risiti, hiyo si bondi wala si dhamana. Ni rushwa, hata ikipewa jina zuri kiasi gani.

Na hapa tusifichane. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haimshiki mpokeaji peke yake. Mtoaji pia anaweza kufungwa hadi miaka 10 au kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano. Na kabla ya Bunge la Kenya kutunga sheria hiyo, sisi tulishaambiwa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwalaani wote wawili, anayetoa na anayepokea. Najua utasema, "Lakini nililazimishwa." Suala la mtu aliyebanwa kweli kweli mpaka hana njia nyingine tuwaachie masheikh wetu. Ila jiulize: utajuaje kwamba hukuwa na njia nyingine, na bondi ya bure hukuiomba?

2. "Ukishalipa, kesi imekwisha."

Huu ndio uongo unaowarudisha vijana wengi seli. Mtu ametoa dhamana mahakamani, ametoka, amerudi kwa boda yake au kwa kiosko chake, siku ya kutajwa kwa kesi inapita naye hana habari. Kwake yeye alishalipa. Kumbe dhamana si faini. Faini hutolewa baada ya hukumu. Dhamana hutolewa kabla ya hukumu, ukiwa bado huna hatia machoni pa sheria, ili usubiri kesi yako ukiwa nyumbani.

Usipofika siku uliyopangiwa, hakimu anatoa hati ya kukukamata, na ile pesa inaweza kuchukuliwa na serikali. Ukifika kila siku mpaka kesi iishe, pesa yako unairudishiwa, hata kama umepatikana na hatia. Ndiyo maana risiti ile usiitupe. Ipige picha, mtumie mama, mtumie ndugu. Wengi waliostahili kurudishiwa pesa zao hawakuwahi kuzidai kwa sababu hawakujua ni zao.

3. "Saa 24 zikipita lazima waniachilie."

Hii ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli wakati mwingine inadhuru kuliko uongo mzima. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote isizidi saa 24. Kimesema afikishwe mahakamani. Hakikusema mlango wa seli utajifungua wenyewe.

Halafu kuna sehemu ya pili ambayo watu hawaisomi. Saa hizo 24 zikiisha nje ya saa za mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Fanya hesabu. Umekamatwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Saa 24 zinaisha Jumamosi jioni, mahakama imefungwa. Kwa hiyo polisi wana mpaka Jumatatu jioni. Ikiwa Jumatatu ni sikukuu, ni Jumanne. Sasa unaelewa kwa nini Ijumaa jioni ni siku mbaya ya kukamatwa, na kwa nini yule "mtu" alimpigia mama yetu simu usiku ule ule. Hofu ya kulala seli siku tatu ndiyo bidhaa anayouza.

Lakini mahakama kufungwa hakumaanishi kwamba kituo cha polisi kimefungwa. Bondi inaweza kutolewa Jumamosi, inaweza kutolewa Jumapili, inaweza kutolewa usiku. Anayekwambia hakuna bondi wikendi anakudanganya. Na kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Kifungu hicho hicho cha 49 kinasema usiwekwe rumande. Mengi ya makosa madogo yanayowajaza vijana wetu seli za wikendi yako katika kundi hilo.

4. "Ukinyamaza, umekubali kosa."

Tumelelewa kwamba mtu mzima akikuuliza, unajibu. Ni adabu njema, tusiiache. Lakini mbele ya mpelelezi, kunyamaza ni haki iliyoandikwa. Polisi anapaswa kukwambia mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukukamata, kwamba una haki ya kunyamaza, na nini kitatokea usiponyamaza. Lugha unayoielewa, sikiza vizuri. Kama nyanya yako anaelewa Kiswahili tu, au Kinandi tu, au Kisomali tu, basi aambiwe kwa lugha hiyo. Na mahakamani akihitaji mkalimani, anapewa bila malipo.

Una haki pia ya kuwasiliana na wakili na na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Hiyo "simu moja tu" tunayoiona kwenye filamu za Marekani si sheria ya Kenya.

Vipi kuhusu kukiri? Huwezi kulazimishwa kukiri, na maneno uliyoyasema kwa mpelelezi wako ukiwa na hofu hayatoshi kuwa ungamo mahakamani. Sheria ya Ushahidi inataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo kilichotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na huyo afisa akiwepo, awepo pia mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Kwa hiyo ukiletewa karatasi usiku utie sahihi, na hujaisoma au huielewi, sema: "Nitatia sahihi nikishaongea na wakili wangu." Isome sentensi hiyo mara tatu mpaka ikae kichwani. Jina lako na unakoishi, sema kweli. Usimdanganye polisi. Kunyamaza ni haki, kusema uongo si haki wala si dini.

5. "Afande akitaka kumpekua dada, hana la kusema."

Analo. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inasema mwanamke akihitaji kupekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, na heshima yake ichungwe kikamilifu. Hiyo si huruma wala upendeleo kwa dada aliyevaa hijabu au nikabu. Inamlinda kila mwanamke wa Kenya, Mkristo, Muislamu na asiye na dini.

Dada, ukisimamishwa barabarani, usikimbie na usipige kelele. Sema: "Nakubali kupekuliwa, lakini na afisa wa kike." Kama hakuna afisa wa kike hapo, asubiriwe. Na ikiwa wanahitaji kuona uso wako kuhakikisha ni wewe mwenye kitambulisho, omba uonyeshe mbele ya afisa wa kike, mahali pa faragha. Kaka, ukiwa upande, kazi yako si kurusha ngumi. Kazi yako ni kukumbuka saa, mahali, namba ya gari na jina lililo kifuani pa afisa.

6. "Wakikuita gaidi, huna haki tena."

Hapa twende polepole.

Sisi wa Cheptiret hatuna ruhusa ya kuuchukulia ugaidi kama stori ya mbali. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Garissa, katika chuo ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Moi. Wanafunzi walionusurika walihamishiwa Moi kuendelea na masomo. Walipita barabara yetu hii. Wenye maduka waliwauzia mkate, wenye boda waliwabeba. Ukimsikia jirani yako asiye Muislamu akiwa na hofu, usimcheke na usimtukane. Hofu yake ina makaburi nyuma yake. Na mwaka huo huo, tarehe 21 Desemba, basi liliposhambuliwa huko Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Hao ni watu wetu pia.

Lakini hofu ikishika usukani, inakamata kila mtu. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wao Wasomali, wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, iliandika baadaye mwaka huo kuhusu seli zilizojaa kupita kiasi na watu waliozuiliwa zaidi ya saa 24. Wengi waliozuiliwa pale hawakushtakiwa kwa ugaidi wowote.

Sasa sheria inasemaje? Inasema mshukiwa wa ugaidi ni mshukiwa. Kifungu cha 49 hakikutenga kosa lolote: kila aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Hata kesi ya mauaji ina dhamana chini ya Katiba ya 2010. Ndiyo, chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 polisi wanaweza kutaka muda zaidi wa kumzuilia mtu. Lakini lazima waombe mahakama. Hawawezi kujipa wenyewe. Na Kifungu cha 25 kimetaja haki ambazo hakuna sheria inayoweza kuzipunguza hata siku moja: kutoteswa, kusikizwa kwa haki mahakamani, na amri ya habeas corpus, yaani mtu aliyezuiliwa aletwe mbele ya jaji ionekane yuko hai na kwa nini anazuiliwa.

Na mahakama zetu si mapambo. Desemba 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama kwa vurugu na kumwagiana maji. Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vipengele 8 vya sheria hiyo kwa sababu vilikiuka Katiba. Wote hao walikuwa wanazungumzia ugaidi. Jaji hakusema "huu ni ugaidi, haki zisubiri."

Kwa hiyo unapodai kijana afikishwe kortini, humtetei gaidi. Unataka mwenye hatia ajulikane kwa ushahidi, na asiye na hatia arudi nyumbani. Ikiwa aliyekamatwa si yeye, basi aliyefanya bado yuko nje, na hilo linapaswa kumtisha jirani yako pia.

7. "Polisi hawashtakiwi, utapoteza muda wako."

Mwaka 2015 mwendesha boda mmoja, Josephat Mwendwa, alipigwa risasi na afisa wa polisi barabarani. Badala ya kunyamaza alipeleka malalamiko IPOA. Wakili Willie Kimani akamsimamia. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, wao wawili pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa na kuuawa.

Sitakudanganya kwamba kudai haki hakuna gharama. Hawa watatu waliilipa. Lakini stori haikuishia mtoni walikopatikana. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao mmoja. Februari 2023 afisa mkuu katika kesi hiyo alihukumiwa kifo, na wengine wakapewa vifungo virefu. Ilichukua miaka, lakini walishtakiwa, na waliokuwa na sare walisimama kizimbani kama raia wengine.

IPOA ina namba ya bure, 1559, na ina ofisi Eldoret. Si lazima usafiri mpaka Nairobi. Na hata huna pesa ya wakili, Kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani haki yako ikivunjwa, au kwenda kwa niaba ya mtu asiyeweza kwenda mwenyewe. Kufungua kesi ya namna hiyo hakulipiwi ada. Hakuhitaji hata nyaraka zilizopambwa: mahakama inaweza kupokea barua ya kawaida. Mama ambaye mwanawe hajulikani alipo anaweza kuandika barua kwa Mahakama Kuu. Iko pale Eldoret mjini.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuache kumlaumu mama yetu mdogo. Yeye aliogopa, na kuogopa kwa ajili ya mtoto si kosa. Kosa ni letu tuliosoma. Uongo huu unaishi kwa sababu wanaoujua ukweli wananyamaza, na wanaouuza wanapiga simu usiku.

Pili, tujifunze hatua chache na tuwafunze wengine. Ndugu yako akikamatwa:

- Ulizia kituo gani, kisha mtu aende mwenyewe. Usimalizane na mtu kwenye simu.
- Omba kuhakikisha jina lake limeandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB, na uichukue namba yake. Mtu ambaye hayumo kwenye OB ni mtu ambaye kesho anaweza kukanwa kwamba hakuwahi kufika.
- Uliza kosa ni nini, na nani mpelelezi.
- Omba bondi kwa mkuu wa kituo, OCS. Iombe kwa jina lake: bondi ya bure.
- Ukikataliwa, uliza sababu, iandike, na uandike saa.
- Pesa yoyote isiyo na risiti, usiitoe.
- Ukiona mambo yanapinda, piga 1559, na mtafute wakili au mtu wa msaada wa kisheria kabla ya kumtafuta "mtu anayejua mtu".

Haya yote yafanye kwa utulivu. Sauti ya chini, lugha nzuri. Si kila afisa ni adui. Wapo wanaofuata sheria vizuri sana, wengine ni ndugu zetu tunaoswali nao safu moja. Ukimuomba afisa mwaminifu haki yako kwa jina lake sahihi, umemrahisishia kazi. Ukimuomba asiye mwaminifu, umemjulisha kwamba leo amekutana na mtu anayejua.

Tatu, tusome. Katiba ipo kwa Kiswahili. Kifungu cha 49, 50 na 51 unavimaliza kabla chai haijapoa. Baada ya darasa la Jumamosi msikitini, chukueni dakika kumi, kifungu kimoja kila wiki. Wale mnaosoma sheria kule Annex, njooni. Wenye boda, muwe wa kwanza, maana ninyi ndio mnaokamatwa zaidi na ndio mnaobeba habari kutoka steji moja hadi nyingine. Mkibeba habari ya kweli, Cheptiret yote itaijua kufikia jioni.

Turudi kwa ile elfu sita. Haitarudi. Hatuna risiti, hatuna jina, hatuna ushahidi, na namba ile haishikwi tena. Rafiki yetu bado anamlipa mwenye nyumba kidogo kidogo. Binamu naye, mpaka leo, hajui alikamatwa kwa nini. Akipita mbele ya kituo hicho anavuka barabara.

Kinachoniuma zaidi si pesa. Ni kwamba sisi wanane, kwa nia njema kabisa na kwa swala ya Isha bado mwilini, tulimlipa mtu ili Ijumaa ijayo ampigie simu mama mwingine. Biashara ile mtaji wake ni kutojua kwetu. Na sasa wewe umejua.

Ijumaa ni kesho kutwa. Mtumie ndugu yako maneno haya kabla simu yake haijalia.

Allah atupe elimu yenye manufaa, awalinde vijana wetu, awarudishe nyumbani salama wote waliozuiliwa kwa dhulma, na atufanye miongoni mwa wanaosimamia haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu. Amin.

Wassalamu alaykum.